Uso Niliousafisha Kupita Kiasi

Nawaona mkipiga picha kwa simu, mnapitisha kidole mara mbili, chunusi zimeisha na kidevu kimechongoka, halafu mnaitana wataalamu. Sawa, sibishani na mtu. Mimi nilipoanza, kuondoa chunusi moja kwenye kompyuta kulinichukua kutoka chai ya saa nne mpaka githeri ya mchana, na mwenye chunusi alikuwa nje kwenye benchi akiuliza kama ameshapona. Kwa hiyo ketini kidogo niwaambie jinsi kazi hii ilivyonitia adabu.

Niiteni Mama Mutheu, ndivyo Kawangware yote ilivyoniita. Nilikuwa naishi Laini Saba, Kibera, na kila asubuhi nilitembea kupitia Olympic na kuvuka Barabara ya Ngong mpaka Kawangware, kwenye studio ya Mzee Kilonzo. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha picha kwa mkono. Nilikuwa na brashi yenye nywele chache, kikopo cha wino wa kijivu na macho mazuri. Enzi hizo vumbi likilala juu ya negativu, kwenye karatasi linatoka doa jeupe, na Kawangware vumbi halijawahi kupungua. Bibi harusi anatoka na madoa meupe puani, mchungaji anatoka na madoa meupe kwenye suti. Mimi nilikuwa mwindaji wa madoa meupe. Nikiliona moja, hata kwenye gazeti la kufungia nyama, mkono uliniwasha.

Mzee Kilonzo alikuwa Mkamba wa Machakos kama mimi, mwenye upara uliong'aa kuliko taa zake za studio, na hakuweza kuona kitu kipya akakipita. Siku moja, ile miaka ya mwisho ya tisini, akaja na mkokoteni umebeba kompyuta, skana na printa, vyote vimetoka kwenye ofisi moja ya mjini iliyokuwa inafungwa. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kurekebisha picha.

"Mama Mutheu," akaniambia, "hii ndio itastaafisha hiyo brashi yako."

"Na mimi itanistaafisha?"

"Wewe ndio utaiendesha. Mimi macho imechoka."

Mkewe akaifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua, kama vile vya makochi. Kilonzo naye akatoa amri kwamba kila anayeingia kwenye chumba cha kompyuta avue viatu. Wateja walifikiri kuna maombi huko ndani. Wengine walivua na kofia.

Mwalimu wangu aliitwa Ouma, kijana wa Kibera aliyekuwa tarishi katika ofisi moja ya matangazo mjini. Alikuwa amejifunza kazi yote kwa kusimama nyuma ya wenyewe akijifanya anasubiri bahasha. Alikuja kunifundisha Jumanne na Alhamisi akitoka kazini. Sasa, sisi warekebishaji wa mkono tuna tabia moja mbaya: tunalamba ncha ya brashi ili inyooke. Nilikuwa nimelamba brashi miaka kumi na mitano. Ouma aliponipa mausi ya kompyuta siku ya kwanza, nikaishika vizuri, nikalitazama doa kwenye kioo, na kabla sijafikiri nikaiinua mpaka mdomoni.

Ouma akanishusha mkono. "Mama Mutheu, hiyo hatulambi."

Nikamwambia nilikuwa nainusa tu. Sijui kwa nini niliona kunusa ni afadhali.

Alikuwa mwalimu mzuri, na mambo aliyonipa yanafaa mpaka leo, hata kwenye hizo simu zenu. Usiguse uso wa mtu kabla hujarekebisha mwanga wa picha nzima, maana doa linalokusumbua huenda ni kivuli tu. Ukitaka kuziba alama ya paji la uso, chukua ngozi iliyo karibu nayo, usiende kuchukua ya shavuni, kwa sababu mwanga wa shavu si mwanga wa paji. Ukizungushia kitu mstari wa kukichagua, mstari wenyewe unageuka vitone vinavyotembea kama siafu, na mpaka uvione vikitembea usijaribu kukata. Mwanzoni nilikuwa navifuta kwa leso.

Siku ya kunifundisha matabaka, Ouma alitwaa karatasi ya nailoni ya mkate, akaichora masharubu kwa kalamu ya wino, akaiweka juu ya picha ya Kilonzo iliyokuwa ukutani. Kilonzo akawa na masharubu. Akaitoa, Kilonzo akarudi alivyokuwa. "Hivyo ndivyo tabaka inafanya kazi," akasema. "Unachora juu, uso wa chini hauguswi." Nilielewa vizuri sana, na nikaliona ni jambo la watu wenye nafasi ya kuchezea. Kompyuta yetu ilikuwa na tumbo dogo, ukiongeza tabaka la tatu inaanza kukoroma.

Somo alilolirudia kuliko yote ni la kuhifadhi kazi. Stima ya Kawangware ilikuwa inapotea bila kuaga, na ikipotea hujahifadhi, umepoteza asubuhi nzima. "Seivu kila dakika tano," Ouma alikuwa akiniambia. "Hata ukienda msalani, seivu kwanza." Na programu ya siku hizo ilikuruhusu kurudi nyuma hatua moja tu. Nyinyi mnarudi hatua mia, mnapepea kwenye makosa yenu. Sisi ukikosea mara mbili umekosea.

Kwa hiyo nikawa mwanafunzi hodari wa kuhifadhi. Nilihifadhi nikikohoa, nikahifadhi mtu akigonga mlango.

Msidhani tulikuwa watu wa maana wakati wote. Nilipojua kunakili kitu kutoka picha moja kwenda nyingine, wa kwanza kuumia alikuwa Kilonzo. Nilichukua nywele za mwimbaji wa kwaya, afro nzito ya kuvutia, nikamvika. Akaingia bila viatu, hatukumsikia, akasimama nyuma yetu. Ouma alijifanya anatafuta flopi chini ya meza. Kilonzo akaitazama ile picha, akajipapasa kichwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumtolea nakala ndogo ya kuweka kwenye pochi.

Halafu kuna yule bwana wa Kibera aliyetaka shemeji yake aondolewe kwenye picha ya harusi kwa sababu walikuwa wamekosana kuhusu mahari. Nilimwondoa shemeji vizuri, nikaziba ukuta nyuma yake, nikajaza majani. Nilijivuna wiki nzima. Bwana akarudi na picha mkononi, akanionyesha chini. Watu watatu, viatu saba. "Sasa hii mguu," akauliza, "imebaki kusikiza nini?"

Nacheka nikikumbuka. Lakini sasa nifike kwa Mama Wafula, maana yeye ndiye sababu ya kuwasimulia haya yote.

Mama Wafula alikuwa Mluhya aliyeuza mboga za kienyeji sokoni Kawangware, mrenda na kunde, na karibu kila jioni nilinunua kwake. Mama yake mzazi alikuwa ameletwa Nairobi kutibiwa, akafia kwake. Jumatano asubuhi akaja studio, macho yamevimba, akafungua fundo la leso akatoa kitambulisho cha marehemu, kile tunachokiita kipande.

"Mama Mutheu, hii ndio picha yake ya pekee dunia mzima," akasema. "Hakuwahi kupigwa ingine. Na saa sita natakiwa niipeleke ofisini ndio nipewe kibali ya kumzika. Wakishaichukua hairudi."

"Unataka picha ya namna gani?"

"Kubwa. Ya kubebwa mbele ya jeneza. Huko nyumbani kuna wajukuu hawajawahi kumuona. Tukifika na sanduku bila uso, watasema tumewaletea mgeni."

Nikakiweka kipande kwenye skana, nikakipiga kwa ukubwa wa juu kabisa ambao mashine ilikubali, nikamrudishia. Nilimshika mkono nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso: "Nenda tu. Utampata akiwa safi."

Siku hiyo Ouma hakuwa na zamu ya kuja, na mimi niliona simhitaji. Kazi ilikuwa nzuri. Nikaondoa muhuri uliopita begani, nikahifadhi. Nikaondoa mikunjo ya plastiki, nikahifadhi. Kisha nikafika kwenye paji la uso. Nilikuta madoa meupe, madogo, ya mviringo, mengi. Yalikuwa yamejipanga kwa mistari. Nikawaza kwamba leo hata vumbi lina nidhamu, na mkono ukaanza kuniwasha. Nikayafuta moja baada ya jingine, kwa ngozi ya karibu kama nilivyofundishwa, na kwa kila doa nikahifadhi.

Kilonzo akaja akainama kutazama. "Huyu mama amerudi kuwa msichana," akasema.

"Ni vumbi tu lilikuwa limemzeesha."

Tulikuwa Wakamba wawili tunapongezana.

Alhamisi alasiri Mama Wafula akaja kuchukua picha. Gari la kwenda nyumbani na mwili lilikuwa liondoke kesho yake alfajiri. Nilikuwa nimeitia fremu, nikaifunga kwa gazeti kama zawadi. Akaifungua taratibu, akaitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna jina limeandikwa huko, akaitazama tena.

"Ni mrembo," akasema. "Huyu ni nani?"

Nikacheka kidogo. "Ni mama yako. Nilimtoa vumbi."

"Vumbi gani?"

"Pale kwa paji. Vidoa vyeupe vingi."

Aliketi. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Mama Mutheu, hizo ni chale," akasema. "Alichanjwa akiwa msichana, wakati kwao msichana hakuwa msichana bila chale. Alivumilia mpaka ya mwisho. Hakuna mtu amewahi kuziita uchafu."

Nataka mnielewe hapa, nyinyi wenye vidole vyepesi. Mama yangu mimi alikuwa na meno yaliyochongwa, kama wanawake wa Ukambani wa rika lake. Mtu angeniletea picha yake, meno yamejazwa yakawa sawasawa, ningemrushia kiatu. Na mimi hapo nimemfuta mama wa mwenzangu nikajipigia makofi. Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni.

Nikakimbilia kompyuta. Nikarudi nyuma hatua moja, hiyo moja tuliyokuwa nayo, ikanionyesha paji safi. Ouma aliingia wakati huo, ilikuwa siku yake. Nikamweleza.

"Ile ya kwanza uliseivu na jina gani?" akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila dakika tano. Vile ulisema."

Ouma akaketi chini sakafuni, soksi zake zimetoboka. Alikuwa amenifundisha kuhifadhi mpaka nikawa bingwa, lakini hakuwahi kuniambia nihifadhi nakala ya kwanza kando kwa jina lingine, na mimi sikuwahi kuuliza. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa picha ya mtu yeyote, natengeneza nakala, na ile halisi siigusi hata kwa jicho. Hilo likiwa ndilo pekee mtakalochukua kwangu, litanitosha.

"Kipande je?" nikamuuliza Mama Wafula, ingawa nilijua.

"Ilikatwa kona mbele yangu, ikawekwa na zingine, zikafungwa."

"Zilikuwa chale ngapi?" Ouma akauliza. Wote wawili wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyezifuta moja moja. Sikujua. Nani anahesabu vumbi?

Mama Wafula akasema anazijua, alikuwa akizihesabu kwa kidole alipokuwa mtoto akilazwa mapajani. Ouma akamwambia aonyeshe kwenye kioo cha kompyuta. Aliponyoosha kidole kioo kikamrushia ule umeme mdogo wa vioo vya siku hizo, akauondoa mkono. Akajaribu tena, akashindwa. "Hii ni bapa," akasema. "Mkono yangu haijui bapa." Kisha akanitazama mimi. "Wewe. Leta kichwa."

Nikapiga magoti mbele yake. Akafumba macho, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kulia kikaanza kutembea kwenye paji langu. Kila kilipotua, Kilonzo, aliyekuwa amesikia akaja, alichovya ile brashi yangu ya zamani kwenye wino akaweka nukta hapo. Mstari wa juu ulifika saba. Mstari wa chini kidole kilisimama, kikarudi, kikasimama tena. "Sita," akasema. Chozi lake likaniangukia puani, na sikuthubutu kulipangusa.

Nikaketi kwenye kompyuta na nukta zangu, nikiwa na kile kioo ambacho wateja walijitazamia wakichana nywele. Nilijitazama, nikachora. Safari hii nilitandika tabaka, jipya, juu ya uso, na nikaiacha mashine ikorome inavyotaka. Brashi ya mkono ndiyo iliyoniokoa hapo, kwa sababu chale hailali sawa na ngozi, inainuka. Ukichora doa jeupe tupu litaonekana vumbi kweli. Unaweka mwanga juu yake na kivuli chembamba chini yake, ndipo inainuka. Nilizichora zote kumi na tatu kwa subira ambayo sikujua kama ninayo.

Ouma akaangalia, akaniangalia mimi, akaangalia tena. "Mama Mutheu, umezigeuza. Wewe umejiona kwa kioo. Ya kushoto iko kulia."

Ndipo nikaona uzuri wa tabaka. Nililigeuza peke yake, kulia likawa kushoto, na uso wa yule mama chini yake haukutikisika. Ouma hakusema kitu kuhusu karatasi ya mkate, na nilimshukuru kwa hilo.

Printa ilipomaliza, Mama Wafula aliichukua karatasi ikiwa bado na unyevu. Alipitisha kidole juu yake bila kuigusa. Kisha akasema kitu kwa Kiluhya, hakuwa anatuambia sisi, akaiweka kifuani, wino ukamshika kwenye kitenge.

Nilitembea kurudi Kibera bila kukumbuka kunawa nukta za paji. Kuanzia Olympic nilisalimiwa kwa Kiluhya na wanawake wawili, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye haraka. Binti yangu Mutheu alinifungulia mlango akaniuliza nimejiunga na kanisa gani.

Mama Wafula alirudi baada ya wiki mbili. Nilipomwona anaingia, ameshika viatu vyake mkononi, nilimvutia kiti. Nilimuuliza kama wajukuu wamemwona nyanya yao.

"Wamemuona. Wamembeba mbele, wamegombania fremu." Akaketi. "Lakini mama mkubwa alikataa."

Akanieleza. Mama mkubwa ni dada wa marehemu, bibi kizee ambaye hakuweza kusafiri kuja Nairobi. Hao wawili walichanjwa siku moja. Alipoletewa picha aliisogeza karibu na jicho lake moja linaloona, akaitazama sana, kisha akauliza mbele ya jeneza kwa nini wamemwekea dada yake chale zake.

"Zake?"

"Zake yeye. Mama alikuwa na saba juu, saba chini. Mwenye sita chini ni mama mkubwa. Alitoroka kabla ya ile ya mwisho, akajificha kwa mahindi mpaka jioni. Mama ndiye alikaa." Mama Wafula akatikisa kichwa. "Mama alikuwa mtu wa soko, anatoka asubuhi anarudi giza. Mapaja niliyolalia ilikuwa ya mama mkubwa. Mkono yangu ilikumbuka ile ilijua."

Nikainuka, nikasema picha iko hapa, tabaka liko peke yake, naongeza ile moja sasa hivi, haichukui dakika tano. Nilikuwa tayari nimeshafunua kitambaa cha maua.

"Usiguse," akasema. "Mama mkubwa alicheka mpaka watu wakacheka matangani. Amesema dada yake aende nazo hivyo, wakikutana watarudishiana."

Kisha akafungua lile fundo la leso, akatoa kipande kingine, akakiweka juu ya meza yangu. Kilikuwa cha mama mkubwa, kizima, hakijakatwa kona.

"Hii amenituma nikuletee. Anataka picha kubwa angali hai, na uongeze ile moja ya chini." Akanisogezea. "Anasema saa hii hatakimbia."